Filbert Bayi na Swali la Mwanafunzi Wangu

Mwaka 1994 nalikuwa mwalimu wa shule moja katika milima ya Upare wa Kusini, upande unaoutazama mji wa Same. Katika darasa la mwisho alikuwamo kijana mmoja, mwana wa mkulima, aliyepanda na kushuka mlima kila siku kuja shuleni. Katika mbio za mita 1,500 hapakuwa na mtu, shuleni kwetu wala shule za jirani, aliyeweza kumkaribia. Siwezi kusema kwamba mimi ndimi niliyemfundisha kukimbia; mlima ulimfundisha, kazi yangu ilikuwa kushika saa tu.

Majuma machache kabla ya mashindano ya shule huko Same, baadhi ya wanafunzi wetu walipigana na watazamaji kwenye mchezo wa mpira. Walimu tukaketi, ikaamuliwa kwamba mwaka ule asishuke hata mmoja kwenda Same, awe wa mpira au wa mbio. Nami nalijua ya kuwa kijana yule hakuwapo penye ugomvi. Siku ile alikuwa na babaye katika msaragambo, wakizoa tope la ndiva. (Kwa wasiokijua Chasu: ndiva ni bwawa walilotuachia wazee, hukusanya maji usiku ili mashamba yanyweshwe mchana, na msaragambo ni kazi ya pamoja ambayo mtu haikosi bila sababu.) Nalijua hayo yote, nikainua mkono pamoja na wenzangu. Barua yangu ya kuomba uhamisho ilikuwa mezani kwa mkubwa wa shule, nikaona si wakati wa kushindana naye.

Jioni kijana akaja nyumbani kwangu. Akaniamkia, akasimama mlangoni, akasema, “Mwalimu, kosa langu mimi ni lipi?”

Badala ya kumjibu nikamketisha, nikaanza kumsimulia habari za Filbert Bayi.

Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953, akawa askari wa jeshi letu. Katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972 hakufika mbali. Alitolewa katika mbio za mchujo. Lakini Januari 1973, huko Lagos, katika Michezo ya Afrika, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya, naye Keino wakati ule alikuwa mtu ambaye jina lake lilitosha kuwatia wengine baridi.

Halafu ikaja siku ya tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch katika New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Desturi ya wakimbiaji wa mita 1,500 ni kwenda kwa kuviziana: kila mtu hupenda mwenzake atangulie akate upepo, naye afuate nyuma akitunza nguvu zake kwa mwendo wa mwisho. Bayi hakufanya hivyo. Bunduki ilipolia akatoka mbele, akaendelea kuwa mbele, akawaacha wenzake nyuma hata ikaonekana kwamba lazima atachoka. Katika mzunguko wa mwisho John Walker, mwana wa nchi ile ile ya New Zealand, akaanza kumkaribia, na watu wa kwao bila shaka wakisimama vitini. Hakumfikia. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Walker akamfuata kwa sekunde 32.52, naye pia alikuwa ameivunja rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun iliyodumu tangu mwaka 1967. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya. Tarehe 17 Mei 1975, huko Kingston katika Jamaika, Bayi akachukua na rekodi ya maili moja, dakika 3 na sekunde 51.0. Miezi mitatu haikutimia, Walker akaivunja kwa 3 na 49.4.

Basi dunia nzima ikangoja watu hawa wawili wakutane Montreal mwaka 1976.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, katika utawala wa ubaguzi wa rangi, mwaka ule ule watoto wa shule wa Soweto walipopigwa risasi. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe katika Olimpiki, hazikusikilizwa, Tanzania ikajitoa, na nchi zaidi ya ishirini zikajitoa. Walker akashinda mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 39.17. Wako wanaopenda kusema kwamba huo ni mwendo wa polepole kwa sekunde saba kuliko ule wa Christchurch. Mimi nawaambia waache hesabu hiyo, kwa maana mbio za kuviziana hazipimwi kwa saa.

Nilimweleza kijana kwamba Bayi hakuvunjika moyo. Mwaka 1980, mjini Moscow, alikimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akatangulia mbele vile vile kama desturi yake, hata Bronisław Malinowski wa Poland akampita katika mzunguko wa mwisho. Alipata nishani ya fedha, nayo ilikuwa nishani ya kwanza ya Tanzania katika Olimpiki. Suleiman Nyambui akaleta ya pili katika mita 5,000. “Waona?” nikamwambia. “Mtu hukosa Montreal, akaipata Moscow.”

Kijana alisikiliza hata mwisho. Kisha akauliza, “Mwalimu, waliokataa kwenda Montreal walikuwa wakiwatetea watu. Sisi tunamtetea nani?”

Nikanyamaza. Akashukuru kwa chai, akaenda zake.

Uhamisho wangu ulikubaliwa Januari iliyofuata. Yeye alikwisha kumaliza shule, na mashindano mengine hakuyapata. Mimi nilisikia baadaye kwamba Bayi na mkewe wamefungua shule, tena kwamba kwa miaka mingi alikuwa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki ya nchi yetu. Kila nilipoisoma habari yake nalikuwa naona haya, kama mtu aliyeazima nguo njema ya jirani ili afunike uchafu wa nyumbani kwake. Habari ile ilikuwa ya kweli tangu mwanzo hata mwisho. Ila si mimi niliyestahili kuisimulia jioni ile.

Sasa nimestaafu, nakaa Same. Mwaka jana, siku ya soko, mtu mzima mwenye gunia la tangawizi la kutoka Mamba aliniita kwa nguvu, “Mwalimu, shikamoo!” Alikuwa yeye, na kando yake binti wa miaka kumi na minne hivi, miguu mirefu. Akasema mtoto anakimbia, naye hajui kama ni kweli au ni mapenzi ya baba tu. Nilipotaka kuanza maneno ya mwaka 1994 akanikatiza kwa adabu, “Mtoto anangoja, Mwalimu. Ile saa yako ingali ipo?”

Nikarudi nyumbani, nikaitafuta sandukuni. Ilikuwa imesimama. Nikaitia ufunguo, tukaenda uwanjani sote watatu.