Mpiga solo wa Kinampanda

Sisi Watanzania tuna ugomvi wetu na neno jazz. Wenzetu wa Marekani wakilitamka wanajua wanamzungumzia nani: Louis Armstrong, Duke Ellington na wengineo. Sisi tuliliokota tukalibandika kwenye bendi za dansi. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz ikaanza 1944, zikaja Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, na mwaka 1964 ikaja Nuta Jazz. Tafuta vibao vyao usikilize. Utakuta rumba, utakuta cha-cha, na mapigo ya nyumbani humo ndani. Jazz kwetu maana yake ilikuwa watu wengi, magitaa ya umeme, tarumbeta na kiingilio mlangoni.

Na solo ni hivyo hivyo. Mzungu akisema solo ana maana ya mtu aliye peke yake. Kwetu sisi solo ni gitaa, na mwenye nalo hayuko peke yake hata kidogo: huku ana mpiga ridhimu, kule ana besi, nyuma ana ngoma. Marehemu Mbaraka Mwinshehe alikuwa mpiga solo kuliko wote, lakini hata mwaka 1970, Morogoro Jazz ilipokwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo, alikuwa na wenzake.

Nakueleza haya, msomaji wangu, ili unielewe pale nitakapokuambia kwamba Kinampanda kuna mzee anapiga jazz, tena solo, na hana bendi.

Habari zake tulizipata zamani. Kaka yangu, marehemu sasa, alisoma Chuo cha Ualimu Kinampanda, wilaya ya Iramba, kuanzia 1984 hadi 1986. Katika barua zake, pamoja na kuomba sabuni na nauli, aliandika kwamba jikoni chuoni kuna mtu anapiga jazz "utadhani wako watatu". Baba alikunja barua akauliza, "Hivi huyu tumempeleka kusoma au kucheza dansi?"

Kaka aliporudi alirudi na cheti, na gitaa la galatoni. Vijana wa leo wanaita gitaa kavu. Galatoni ni jina la Gallotone, chapa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, iliyouza santuri na magitaa ya bei nafuu mpaka jina likawa la kila gitaa lisilotumia umeme, kama tulivyofanya kwa Kodak na kamera. Usilidharau. John Lennon wa Beatles naye alianzia kwenye Gallotone.

Sasa, marehemu hasemwi vibaya, lakini ukweli ni kwamba mkono wa kaka ulikuwa mzito. Gitaa lilimshinda. Alichobaki nacho ni mluzi. Akisahihisha madaftari usiku anapiga kipande kifupi, ananyamaza, anapiga kingine, ananyamaza tena. Hakina kichwa wala miguu. Mama alikuwa anakereka kwa mambo mawili: kwanza mluzi wa usiku unaita nyoka, pili wimbo gani huo hauishi? "Malizia basi tulale!" Kaka anacheka. Kesho yake vipande vilevile.

Alifariki mwaka 2022. Ukafika wakati wa mirathi, na wewe unajua mirathi ya Kiswahili ilivyo. Shamba liligombewa, pikipiki iligombewa, hata televisheni yenye mstari katikati ya kioo ilipata wadai wawili. Gitaa halikugombewa na mtu. Lilisimama ukutani na vumbi lake mpaka shemeji yangu, mke wa marehemu, akaniita pembeni. "Shemeji, hili lirudishe kwa mwenyewe. Kaka yako hakuuziwa, alipewa."

Basi mwishoni mwa Novemba 2023 nikalifunga kwa khanga mbili nikapanda nalo basi. Konda alitaka nililipie kama mtoto. Tukabishana Dodoma nzima. Kutoka Singida mjini nikapanda gari la kwenda Iramba, na kilomita za mwisho nikamalizia kwa bodaboda, gitaa mgongoni, upepo wa Singida ukilipuliza mpaka likawa linaunguruma lenyewe. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na kila mtu njiani alikuwa na habari za mbegu za alizeti. Nilipomtaja mzee aliyekuwa jikoni chuoni, kijana wa bodaboda hakuuliza jina. "Yule wa jazz? Leo ana sherehe, mjukuu wake kapata kipaimara."

Jina la mzee silitaji, mwenyewe hakutaka. Amekaribia miaka themanini, mwembamba, ana koti la suti lililoshonwa kiwiko. Nikampa shikamoo, nikajieleza mimi ni mdogo wake nani, na kwamba mwenzetu ametangulia. Aliitikia, akanishika mkono muda mrefu bila kusema kitu. Halafu akafungua khanga, akagonga ubao wa gitaa kwa ukucha, akasikiliza. "Limetunzwa," akasema. Akaniambia nikanawe nile.

Sherehe ilikuwa chini ya turubai, spika mbili kubwa kama makabati, na kijana wa muziki aliyeamini kwamba asiyesikia ni kiziwi. Kwaya ya vijana ikaimba, zawadi zikatolewa, kuku wa Singida wakafanya kazi waliyoumbiwa. Watu walipokaa kula, mshereheshaji akatangaza kwamba sasa babu atatuburudisha. Kijana wa muziki akakimbilia kipaza sauti. Mzee akatikisa kichwa. Akavuta kiti cha plastiki, akaketi si mbele ya meza kuu kama ulivyotegemea bali ubavuni, karibu na masufuria, akiwa na gitaa lake mwenyewe, bovu kuliko letu.

Alianza bila mimi kujua kama ameanza. Nilidhani bado anatega nyuzi. Kumbe ndio tayari: kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, taratibu, kama mtu anayetwanga bila haraka, na kidole cha shahada peke yake kinadonoa nyuzi nyembamba juu yake. Vidole viwili, basi. Vingine vilikuwa vimekunjwa tu. Nami nilikuwa nasikia besi, nasikia ridhimu, nasikia solo. Kaka hakuwa ametia chumvi.

Mtindo huo una wenyewe. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jadotville huko Kongo, siku hizi panaitwa Likasi, kijana wa miaka ishirini na kitu akipiga gitaa. Ndiye Mwenda Jean-Bosco, Mwenda wa Bayeke, na kibao alichorekodi mwaka huo, Masanga, mpaka leo wapiga gitaa wa Ulaya wanakaa chini kukifundishana. Kidole gumba na cha shahada. Santuri zake zilitolewa na haohao Gallotone, zikazagaa hadi huku kwetu. Mwenda alikuja Nairobi akawa na kipindi chake redioni, mwaka 1969 akapiga kwenye tamasha la Newport, Marekani, na mwaka 1990 akafa kwa ajali ya gari huko Zambia. Mzee wetu hakumwona hata siku moja. Mjomba wake alikuwa kibarua kwenye almasi za Mwadui, ndiye aliyerudi na gitaa na santuri, na santuri ikachezwa mpaka sindano ikatoboka njia yake.

Lakini mimi nadhani kidole gumba kile kina asili nyingine pia. Majirani zetu Wagogo wana ilimba, marimba ya vidole gumba, na aliyewahi kumsikia marehemu Hukwe Zawose anajua mtu mmoja na vidole viwili wanaweza kufanya nini kabla hata gitaa halijashuka melini. Na wenye jazz yao huko Marekani walilijua hilo. Wes Montgomery alipiga kwa kidole gumba, na inasemekana alianza hivyo ili asiwaamshe majirani usiku. Joe Pass mwaka 1973 alirekodi sahani nzima peke yake na gitaa moja, akaiita Virtuoso. Huyo angeweza kujaza kila upenyo kwa sauti. Mzee wa Kinampanda alikuwa anafanya kinyume chake.

Alipiga wimbo mara ya kwanza wote. Mara ya pili akapunguza: hapa katoa sauti moja, pale mbili, kama mpishi anayetoa kuni jikoni chungu kisije kikaungua. Mara ya tatu akaacha nafasi zilizo wazi kabisa, gumba linaendelea chini na juu hakuna kitu, halafu kidole cha shahada kinarudi katikati ya sentensi kana kwamba kuna mtu amemjibu. Hakufumba macho, hakutingisha kichwa. Waliokaa karibu waliacha vijiko. Waliokaa mbali waliendelea na habari za bei ya mbegu, na mzee hakuongeza nguvu hata chembe ili wamsikie. Mama mmoja aliyekuwa akipita na sinia la wali aliinama kwa heshima akamwuliza, "Baba, mbona huanzi?" Mzee akamjibu, "Nakusubiri ukae, mama," na vidole havikusimama.

Ilipokuja mara ya nne ndipo nilipokisikia. Nafasi ile ya kwanza, mahali pasipo na kitu, mimi nilikuwa najua kilichopaswa kuwepo. Kipande kifupi, kinapanda kidogo, kinakatika. Kisha nafasi ya pili, na kipande cha pili. Nilikuwa nimevisikia kwa miaka thelathini na sita kupitia ukuta wa chumba. Vile vipande vya kaka visivyo na kichwa wala miguu vilikuwa vinaingia pale kimoja baada ya kingine, kama ufunguo na kitasa chake. Sahani niliiweka chini. Mdomo ulikuwa umekauka, hata ningetaka kupiga mluzi usingetoka.

Alimaliza kwa kuweka kiganja juu ya nyuzi. Hakuna aliyepiga makofi kwa sababu hakuna aliyejua kama ameisha. Kijana wa muziki akafungulia spika, vijana wakainuka, na sherehe ikarudi kwenye kasi yake.

Usiku, wageni wameondoka, nilimfuata jikoni. Nikamwuliza kwa nini ule wimbo una matundu.

"Umeyasikia?" akaniuliza.

Nikamwambia nimeyasikia, na nimesikia na kilichomo. Akanitazama.

"Yule mwanafunzi vidole vyake vilikuwa vizito," akasema. "Alihangaika muhula mzima, nikamwonea huruma. Nikamwambia, wewe acha nyuzi, shika mluzi, mimi nitakuachia mahali. Tukawa tunapiga hivyo, jioni, mkikisha kula ugali wenu, masufuria yameoshwa. Alipomaliza chuo akaenda zake. Mimi nikabaki na wimbo wenye mahali pake."

"Hukuyaziba?"

"Nizibe na nini, mwanangu?"

Akaniuliza kama kaka aliendelea na mluzi. Nikamsimulia habari za madaftari, za mama na nyoka wake. Alicheka mpaka akakohoa, akafuta macho na kiwiko kile kilichoshonwa. Kisha akataka nimpigie, ajue kama kaka alikuwa bado anakosea mwisho wa kipande cha pili. Nikapiga. Akasema, "Ee, bado," na akaniomba nipige tena, yeye akiwa na gitaa la marehemu mapajani. Tulipita wimbo mzima mara mbili, kwa sauti ndogo, maana watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Mara ya pili alinisubiri pale nilipochelewa. Hakulitaja hilo, wala gumba halikuyumba, lakini alinisubiri.

Asubuhi nilipoaga nilimkumbusha kwamba gitaa nimelirudisha, ni lake. Hakukubali, hakukataa. Akanionyesha ufa nyuma ya ubao, akasema ataupaka gundi, na kile kijiti kinachobeba nyuzi kimelika, atachonga kingine kwa mfupa wa ng'ombe. Kilichomsumbua ni nyuzi. Iramba yote hazipatikani, na za Singida mjini ni za magitaa ya umeme, zinapiga kelele. Nikamwahidi kumtafutia.

Nimezipata Kariakoo, seti mbili, nikazituma kwa basi wiki iliyopita. Juzi amenipigia simu kwa namba ya mjukuu. Zimefika salama, anashukuru, mama hajambo? Ila uzi wa tatu, anasema, nimenunua mnene.