Pishi ya Mkama Ndume

Kukamwa ni kazi ya ng'ombe jike. Hilo kila mtoto wa Pemba analijua. Basi mtawala aliyeitwa Mkama Ndume, yaani mwenye kukama hata madume, hakupewa jina hilo kwa mapenzi. Ngome yake iko Pujini, si mbali na Chake Chake, na wataalamu wa mambo ya kale wanakadiria kuwa ni ya karne ya 15. Wazee husimulia kwamba waliomjengea walilazimishwa kubeba mawe huku wakijikokota kwa makalio. Leo kuta zimebaki vipande, na miti imeota juu yake.

Nilipowapeleka wajukuu kuitazama, kilichonishika mimi ni kisima. Kina ukuta katikati. Inasemekana bwana huyo alikuwa na wake wawili wasiopatana: mmoja alishuka ngazi kuteka maji, mwenzake akateka upande wa pili kwa ndoo na kamba, wasipate kuonana. Mtu aliyewaburuza watu wazima kama watoto alishindwa na ugomvi wa nyumbani kwake! Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Nilikuwa nimeikumbuka pishi yangu.

Baba aliniachia mikarafuu michache. Mchumaji hulipwa kwa pishi, nami kuna msimu nilidai pishi iliyofura mpaka karafuu zinaporomoka pembeni. Bibi mmoja aliyezoea kutuchumia akaniambia taratibu, "Mwanangu, baba'ko alikuwa akiifuta pishi kwa kijiti." Nikamjibu kwamba baba ameshakufa. Msimu uliofuata hakuja mtu. Karafuu zikachanua mtini mbele ya macho yangu, na karafuu iliyochanua haina bei.

Aibu yenyewe ni kwamba nilikuwa mwalimu wa uraia. Miaka mingi niliwafundisha watoto Azimio la Arusha la 1967: kiongozi asipokee mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. (Azimio lilikuwa la TANU, na huku kwetu kulikuwa na ASP, lakini mtihani haukujali hilo.) Nikieleza maana ya unyonyaji, darasa zima linaitikia. Ukitafakari, Nyerere na Mkama Ndume walishughulika na jambo lile lile, nani akamwe na nani anywe maziwa, ila Mwalimu alilitazama kutoka upande wa anayekamwa. Masharti yale ya uongozi yalikuja kulegezwa hapa hapa Zanzibar, mwaka 1991, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM.

Simfanyi Nyerere malaika. Miaka ya 1970 wakulima wengi wa Bara walihamishiwa vijijini kwa nguvu, na wapo waliochomewa nyumba ili wasirudi. Aliyechomewa nyumba kwa jina la undugu hakulala vizuri kuliko aliyebeba mawe ya Pujini. Lakini mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka 10, Mwalimu alitoa tathmini yake mwenyewe na ndani yake akayataja makosa. Hapo ndipo ninapowatenganisha hawa wawili. Katika yote niliyosimuliwa kuhusu Mkama Ndume, sijasikia hata mara moja kwamba alimwambia mtu, "Hapa nilikosea."

Nami nilikuwa sijalisema. Niliporudi kutoka Pujini nilikwenda kwa yule bibi, nikakaa kwenye baraza yake, nikamwomba radhi. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Aliniuliza kijiti cha baba kiko wapi.

Sikukipata, tulichonga kingine. Msimu huu pishi anaishika yeye, na anaifuta mbele ya wachumaji wote.