Mawe ya Mtoni Yalinifundisha Kuomba Radhi

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuwaona watoto kando ya mto wakipanga mawe, jiwe juu ya jiwe, nawe ukapita zako ukidhani kwamba huo ni mchezo wa kupoteza wakati. Mimi nami nilidhani hivyo. Leo nataka nikusimulie jinsi nilivyobadili mawazo, na ili masimulizi yawe ya kweli sina budi kuanza na kosa nililolitenda nyumbani kwangu.

Ilikuwa mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimetenga shilingi 60,000 za kodi ya nyumba, na nilikuwa na hakika kwamba nimezitia mfukoni mwa koti. Asubuhi yake mfuko ulikuwa mtupu. Mwanangu wa kwanza, mvulana wa miaka 11, alikuwa ameniomba mpira wiki hiyo hiyo, nami nilikuwa nimemjibu kwamba sina fedha. Basi nikayaunganisha mambo hayo mawili kama mtu mwenye hasira ayaunganishavyo. Nilimwita, nikamwuliza, akakana. Nikamwuliza tena, akakana tena. Nikamchapa.

Siku ya tatu nilifungua daftari langu la kazi kutafuta maelezo ya mkutano fulani, na fedha zikaanguka mezani. Nilikuwa nimezichomeka humo mwenyewe usiku ule, kisha nikasahau.

Ndugu msomaji, mimi ni mwandishi wa habari. Chuoni nilikosomea stashahada yangu tulifundishwa kwamba gazeti likikosea halina budi kusahihisha, na kusahihisha mahali panapoonekana. Kazini nimekwisha kuandika masahihisho mengi, ya majina ya watu na ya hesabu za magunia. Lakini siku ile nyumbani sikusahihisha hata neno moja. Nilinunua mpira, nikampa mwanangu bila maelezo. Aliupokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, baba," akausukumia mvunguni mwa kitanda. Hakuucheza.

Tangu siku hiyo maongezi yetu yalikuwa ni "Ndiyo, baba" na "Hapana, baba." Hakunikosea adabu hata kidogo. Alikuwa na adabu kama ile tunayoonyeshana na wageni, nayo ilinichoma kuliko utundu wowote.

Likizo ya Juni ilipofika nilimpeleka kwa bibi yake Morogoro. Tulipanda treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, naye akatazama dirishani safari nzima. Mama yangu alitupokea, tukamwamkia, na hata kabla hatujala akaniuliza, "Huyu mume wangu amepatwa na nini? Zamani alikuwa hanyamazi." Nikamjibu, "Anakua, mama." Mama alinitazama, asiseme kitu.

Siku ya nne nilimfuata mwanangu mtoni. Mto Morogoro hushuka kutoka milima ya Uluguru, ukapita mjini, ukaingia Ngerengere, na Ngerengere nao huingia Ruvu, mto unaowapatia maji wakazi wa Dar es Salaam. Huko juu, kabla haujafika mjini, maji ni baridi na hupita kwa kishindo kati ya majabali makubwa. Mwanangu nilimkuta amechuchumaa ukingoni pamoja na wavulana wa mtaa. Mbele yake palisimama mawe manne, moja juu ya jingine, na lile la juu lilikuwa kubwa kuliko lililolibeba. Jiwe la tatu lilisimama kwa ncha. Nilidhani wamelipaka saruji. Nilipoligusa, yote yakaanguka.

Wavulana wengine walicheka. Mwanangu hakucheka. Aliyaokota, akaanza upya.

Niliketi, nikamtazama. Aliligeuza jiwe mkononi, akapapasa upande wake wa chini kwa kidole, akaliweka, kisha akalizungusha kidogo kidogo mikono ikiwa myepesi, mpaka akaacha kupumua. Halafu akaliachia. Likasimama.

Siri yenyewe si uchawi, ndugu msomaji, na kila jiko la kuni hapa kwetu huishuhudia. Wahenga walinena kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Nayo mawili hayatoshi. Chungu hutaka mafiga matatu. Jiwe la mtoni, hata likionekana laini, lina vijinundu na vishimo. Apangaye mawe hutafuta vijinundu vitatu vya kulibeba jiwe la juu, navyo huwa mafiga yake, hata kama vimekaribiana kuliko upana wa ukucha. Kisha uzito wote wa jiwe hauna budi kushukia katikati ya mafiga hayo. Fundi mwashi huupima mstari huo kwa timazi. Mwenye kupanga mawe huupima kwa vidole. Jiwe hulemea upande unaotaka kuangukia, nawe unausikia ulemeo huo, ukalirudisha kidogo, mpaka linakuwa halilemei popote. Ukwaruzo wa jiwe kwa jiwe hulizuia lisiteleze.

Maumbile yenyewe ni fundi wa kazi hii. Waliofika Mwanza wamelitazama jiwe la Bismarck lilivyokaa juu ya wenzake ndani ya Ziwa Victoria. Zimbabwe wana mawe ya Epworth, karibu na Harare, yaliyopangana kwa namna ya kustaajabisha, na picha yake imechapwa kwenye noti za nchi hiyo. Hayo hayakupangwa na mtu. Mwamba ulipasuka ungali chini ya ardhi, udongo laini ukachukuliwa na mvua kwa muda mrefu sana, yakabaki yale mawe yaliyoweza kusimama. Na kule kaskazini ya mbali, nchini Kanada, Wainuiti hupanga mawe yaitwayo inuksuki ili yamwongoze msafiri katika nchi isiyo na miti. Umbo hilo limo katika bendera ya jimbo la Nunavut tangu mwaka 1999.

Nami nikataka kujaribu. Nilichagua jiwe zuri, nikaliweka, likaanguka. Nikaliweka tena kwa nguvu zaidi, likaanguka na kuyabomoa yaliyokuwa chini. Mara ya tano nilikwisha kukunja uso. Ndipo mwanangu aliponiambia sentensi yake ndefu ya kwanza tangu siku ya mpira: "Baba, unalisukuma. Ukilisukuma hutajua linataka kuangukia wapi."

Alinishika mikono, akaiweka panapostahili. Tulilizungusha pamoja. Sijui ilichukua muda gani, ila jua lilikuwa limekwisha kutuhamia mgongoni. Mara nikasikia jiwe likitulia chini ya vidole vyangu. Tukaachia.

Hapo niliona kwamba nikingoja zaidi sitasema kamwe. Nikamwambia, "Mwanangu, zile fedha hukuchukua wewe. Nilizikuta kwenye daftari langu. Nilikuchapa bure, kisha nikaogopa kukwambia. Nisamehe."

Hakunitazama. Alilitazama lile jiwe, akajibu kwa sauti ndogo, "Najua, baba. Nilikuwa mlangoni zilipoanguka."

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Muda wote ule nilidhani naficha siri yangu, kumbe mtoto alikuwa ameketi nayo akiningoja mimi. Kila siku aliponijibu "Ndiyo, baba," alikuwa akinipa nafasi ya kusema, nami nikaipitisha. Nilimshika bega, naye hakuondoka. Tulikaa hivyo mpaka wale wavulana walipotuita.

Kabla ya kuondoka aliyabomoa mawe yetu yote, akayarudisha moja moja pale tulipoyatoa. Nilisikitika, nikamwuliza kwa nini asiache yasimame. Akasema bibi amemkataza: kila jiwe la mtoni lina wenyewe. Akaniinulia moja lililokuwa ndani ya maji, na chini yake kaa mdogo akakimbia kutafuta kivuli. Mama yangu hakusoma elimu ya viumbe, lakini neno lake ni sahihi. Chini ya mawe ya mtoni huishi kaa na watoto wa wadudu wengi, na samaki wengine hutaga mayai humo. Anayeyahamisha mawe ovyo huvunja nyumba zao.

Kwa hiyo, ukitaka kuwapeleka watoto wako kwenye mchezo huu, nao hauna gharama, zingatia mambo machache. Chukua mawe makavu ya ukingoni, uyaache yaliyomo majini. Yasiwe mazito kuliko anavyoweza kuyabeba mtoto, na miguu ikae mbali na mahali yatakapoangukia. Usiende wakati wa masika, kwa maana mto wa mlimani huweza kujaa ghafula kwa mvua ambayo wewe uliye chini hukuiona. Jihadhari na maji yaliyotuama au yaendayo polepole, kwani humo huishi konokono wa kichocho. Waulize wenyeji habari za mamba. Ukikuta mawe yaliyopangwa kwenye njia ya mlimani usiyaguse, maana huenda ndiyo yanayomwonyesha mtu njia. Na ukimaliza, rudisha kila jiwe mahali pake.

Kuhusu lile jambo jingine, sina ushauri mrefu. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mzazi akimwomba mtoto radhi atashuka cheo. Mimi niliogopa hivyo kwa miezi mingi. Nilipoomba sikushuka; bali niligundua kwamba cheo nilichokuwa nikikilinda mwanangu alikuwa amekwisha kukivua siku zile fedha zilipoanguka mezani, nami ndiye niliyekuwa sina habari. Kama liko neno la namna hiyo nyumbani kwako, lisahihishe mapema, na mbele ya yule yule uliyemkosea. Usinunue mpira kwanza.

Tuliporudi Dar es Salaam alikwenda moja kwa moja chumbani kwake. Nilimsikia akiburuta kitu mvunguni. Mpira ulikuwa umekwisha kunywea kwa kukaa muda mrefu bila kuchezwa. Alinijia nao mlangoni, akauliza, "Baba, tuna pampu?"

Hatukuwa nayo. Tulikwenda pamoja kuazima kwa fundi baiskeli.