Moto wa Kyaghanda: Tuchukue Nini, Tuache Nini?

Ndugu msomaji, na wewe dada unayesoma gazeti hili huko kwenye machimbo ya zahabu, njoo tutembee pamoja kutoka Butembo mpaka Beni. Si safari ndefu: kilometa 54 hivi. Butembo iko juu sana, karibu mita 1,800, na asubuhi baridi yake inakufuata barabarani. Unapita Maboya, unapita Kabasha, halafu unateremka, na jua linaanza kukuchoma. Migomba na maharagwe ya mlimani yanapisha michikichi na kakao. Siku mawingu yakifunguka, ukiwa Beni unaona Ruwenzori upande wa mashariki.

Juu ya vilima vya inchi hii ndiko wazee wetu Wanande walikojenga. Katikati ya mji palikuwa na kyaghanda, nyumba ya kukutania, na moto ndani yake. Jina hilo linajulikana hata leo, maana chama cha jamii yetu kinaitwa Kyaghanda Yira. Pale moto ulipowaka, mgeni alipewa bugali na sombe kabla ya kuulizwa anatoka wapi. Kesi ya mbuzi aliyekula maharagwe ya jirani ilikatwa palepale, bila franga za hakimu. Ukitaja jina lako, muzee alijua mara moja nafasi yako nyumbani: Kambale ni mtoto mwanaume wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Mtu akigonjwa wakati wa kulima, majirani walikuja na majembe yao. Hapakuwa mtu wa kulala njaa peke yake.

Unaona uzuri wake? Mimi pia nauona, na ninautamani. Lakini tuulizane: nani alikaa karibu na moto ule?

Walikaa wanaume. Mama yeye alikuwa bado njiani, anatoka shambani na mzigo wa kuni mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, na mtoto mchanga kifuani. Baba alitangulia mbele na panga tu. Mume akifa, ndugu zake waliweza kuchukua shamba, na mjane akaambiwa arudi kwao. Binti aliambiwa hivi: "Mutoto mwanamuke hana shamba, atalima kwa bwana yake." Na mtu akifa ghafla, watu hawakuuliza ni ugonjwa gani. Waliuliza nani amemroga, na mara nyingi kidole kilielekezwa kwa bibi kizee asiye na mtu wa kumtetea.

Usiseme mambo hayo yamekwisha. Ebola ilipotangazwa Mangina, mwezi wa nane 2018, wengi walisema ni uchawi ao ni siasa, wakaficha wagonjwa. Ugonjwa ulipokwisha mwezi wa sita 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Na juu ya shamba, sheria ya jamaa ya mwaka 1987 inasema wazi kwamba watoto wote wanarizi sawasawa, mwanaume na mwanamke, na mjane ana haki yake. Lakini ni familia ngapi huku kwetu zinaigawanya mali namna hiyo?

Nasema haya kwa sababu gani? Tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji yamefukuza watu wengi kutoka vijiji vya upande wa Beni na Oicha. Kuna watoto waliozaliwa ukimbizini, hawajaona kyaghanda hata moja. Wanasikia habari zake tu kwa wazee, na katika kinywa cha mtu aliyefukuzwa kwake, kijiji kinakuwa paradiso. Ana haki ya kulia. Lakini siku ya kurudi itakuja, na watoto hao watajenga kama walivyosimuliwa. Tukiwasimulia nusu, watajenga nusu, na wajane watafukuzwa tena katika nyumba mpya.

Na wewe kijana wa machimbo, usingojee siku hiyo. Hapo ulipo, zahabu inapatikana leo, kesho umelala na homa ndani ya hema na hakuna anayekuletea maji. Washeni moto wenu hapo. Kuleni pamoja, mtembelee mgonjwa, mkate maneno bila visu. Lakini dada anayewapikia naye apewe kiti, na neno lake lisikiwe.

Tena, ukirudi nyumbani kusalimia, usimuulize babu peke yake habari za zamani. Kaa chini, umuulize na bibi: kuni alizibeba mbali gani, na shamba la baba yake lilikwenda kwa nani. Mpe wakati wa kujibu.