Pikipiki Ndogo Katika Jiji la Ho Chi Minh

Mtu wa kwetu asimamapo kwa mara ya kwanza kando ya mzunguko wa Hàng Xanh, jijini Ho Chi Minh, hudhani ameangukia siku ya maandamano. Pikipiki humiminika kutoka kila upande kama mto uliofurika, na juu yake mna mabibi waliovaa magauni, watoto wa shule, mitungi ya gesi, matenga ya kuku, na siku moja niliona hata kabati la nguo. Jiji hilo, lililoitwa Saigon hadi mwaka 1976, lilikuwa na pikipiki zaidi ya milioni 7 nilipofika mwaka 2019 kwa shughuli za korosho, kwani Wavietinamu ni wanunuzi wakubwa wa korosho ghafi za Tanzania.

Ghala nililopangiwa lilikuwa mbali na chumba changu. Kwa wiki mbili nilipanda xe ôm, yaani chombo cha kukumbatia, ambacho sisi tungekiita bodaboda. Nauli iliponichosha nikaamua kununua pikipiki yangu.

Sheria ya nchi ile humruhusu aliyetimiza miaka 16 kuendesha bila leseni pikipiki ya injini isiyozidi sentimita za ujazo 50. Basi mimi, baba wa watoto watatu, nikanunua pikipiki ya watoto wa shule! Aliyeniuzia alikuwa mgeni mwenzangu aliyekuwa akirejea kwao. Nilimhesabia dong milioni 7, naye akanikabidhi ufunguo na kadi ya buluu. Kadi hiyo ilikuwa na jina la mama mmoja wa mkoa wa Đồng Nai, ambaye muuzaji hakupata kumwona maishani mwake. Nilipouliza, alicheka, akasema wageni wote hufanya hivyo. Nami nikacheka.

Kuendesha kwenyewe si kugumu kama kunavyotisha. Chombo hakina klachi ya mkono. Gia hubadilishwa kwa mguu tu. Hupita mkono wa kulia, kinyume cha kwetu, na kosa kubwa kuliko yote ni kusimama ghafla, kwa maana walio nyuma wamekwisha kukadiria mahali utakapokuwa. Honi si matusi. Ni kubisha hodi. Mvua ikianza, wote husogea kando kwa pamoja, kila mmoja akatoa chini ya kiti koti la plastiki lifunikalo mtu pamoja na usukani, lenye kidirisha cheupe mbele ili taa ipate kuona njia. Kofia ngumu ni lazima tangu Desemba 2007, na huko hata bibi kizee aendaye sokoni huivaa.

Lakini lililonifunza zaidi lilinipata pasipo mwendo. Jioni moja niliegesha kwenye uwanja wenye mamia ya pikipiki. Mlinzi huandika namba kwa chaki juu ya kiti, akakupa kikaratasi chenye namba hiyo hiyo, ukitoka, hulinganisha. Niliporudi, kikaratasi hakikuwamo mfukoni. Mlinzi, mzee mwembamba, akataka kadi. Nikampa. Akasoma jina la mama wa Đồng Nai, akanitazama uso, akaisoma tena.

Ndugu msomaji, jasho lilinitoka. Kivietinamu changu kilikuwa cha kununulia maembe tu. Ningethibitishaje kwamba mimi si mwizi? Kijana mmoja alikwisha kutoa simu, na neno polisi hufahamika kwa sauti ya msemaji katika lugha yoyote. Nikakumbuka kwamba Wavietinamu, kama sisi, humwita mtu kwa jina la udugu. Nikamwita chú, yaani baba mdogo, kwa unyenyekevu wote niliokuwa nao.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasukuma kigoda cha plastiki kwa mguu, akaninywesha chai ya barafu. Sikuelewa mpango wake mpaka saa moja ilipopita. Tulikuwa tukingoja wenye pikipiki wote waje kuchukua zao! Mmoja mmoja walikuja na vikaratasi vyao. Karibu na saa sita za usiku ikabaki moja tu, nyekundu, yenye kioo kimoja kilichovunjika, kama nilivyokuwa nimemweleza kwa vidole. Akafuta chaki kwa kiganja, akanirudishia kadi, na ada ya maegesho akaikataa.

Tangu tarehe 15 Agosti 2023 namba humfuata mtu wala si chombo, na auzaye hurudisha kadi na kibao cha namba kwa polisi. Mgeni anunuaye leo bila kupitia hatua hizo hujitakia usiku kama wangu, na si kila uwanja una mzee wa namna ile.

Kesho yake niliegesha pale pale. Mzee aliandika namba, kisha badala ya kunipa kikaratasi mkononi, akakitoboa na kukifunga kwa uzi kwenye kifungo cha shati langu.