Eti Ananuka Dagaa? Huu Hapa Ubuyu wa Kemia

Jamani, ubuyu huu ni wa Kirumba, majina nayahifadhi. Dada yangu anauza dagaa pale Mwaloni. Alikuwa na mchumba mtanashati, mahari ilishatajwa. Ghafla mwanaume akaanza kupungua: simu hapokei, Jumapili haji. Alipobanwa akasema eti kwao wanalalamika binti "ananuka dagaa". Yaani dagaa haohao walionisomesha PCB mpaka kidato cha sita!

Haya, tuongee kemia. Shombo ya samaki inatokana na amini, vitu vya asili ya besi vinavyozaliwa samaki akianza kuharibika, na vinapaa hewani kirahisi. Ndimu ina asidi ya sitriki, ya ukoo wa asidi za kaboksili. Wakikutana wanatengeneza chumvi. Chumvi hairuki puani, unaisuuza kwa maji imekwisha. Dada akifunga kazi ni ndimu mbili na sabuni, basi.

Kwenye ukoo huohuo yupo mmoja anayenuka kweli: butanoiki. Siagi iliyochacha, matapishi, ndiye huyo. Sasa mkutanishe na ethanoli, weka matone ya asidi ya salfuriki awe mshenga, pasha moto. Maji yanatoka, ndoa inafungwa, na yule mnukaji anaanza kunukia nanasi! Hata jina anabadili: la mume linatangulia, "oiki" yake inakuwa "oeti". Ethaili butanoeti. Mshenga anatoka kama alivyoingia (tofauti na washenga wetu). Ethanoiki, asidi ya kwenye siki, akiolewa na ethanoli huyohuyo anakuwa ethaili ethanoeti, ambaye mabinti mnamjua kwa pua: yumo kwenye baadhi ya dawa za kufuta rangi ya kucha.

Na ndoa hizi zinavunjika. Mafuta ya mawese ni gliserini aliyeoa asidi watatu kwa mpigo, wenye mikia mirefu. Maarufu wao ni palmitiki mwenye kaboni 16, jina la cheti heksadekanoiki. Chemsha na kostiki soda: gliserini anaondoka zake, asidi wanabaki na sodiamu. Talaka hiyo ndiyo sabuni ya mche.

Halafu ile pafyumu anayojimwagia shemeji mtarajiwa? Humo esta kibao, watoto wa ukoo huohuo anaoukimbia.

Wiki iliyopita katuma meseji, anaulizia bei ya dagaa gunia moja, kwa mkopo. Dada kasoma, kanipa simu nijibu mimi. Bado sijajibu.