Kipaji Kinataka Daftari

Huku Uingereza, tangu Aprili 2017, anayeoka keki au kufuma sweta nyumbani kwake na kuziuza hatozwi kodi kwa pauni 1,000 za kwanza anazoingiza kwa mwaka. Msamaha ni mdogo, ila ili mtu ajue kama amevuka kiwango hicho, inambidi aandike kila anachouza. Hivyo anashika daftari kabla hata hajajiita mfanyabiashara. Tanzania nako, Desemba 2018, Serikali ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka. Kiwango kiliwekwa, lakini ni wangapi kati yetu wanaojua waliuza kiasi gani mwaka jana? Mtazame mpishi wa keki za harusi mtaani: anapiga hesabu ya unga, mayai na gesi, kisha anasahau usiku aliokesha akipamba. Akija jamaa kuomba bei ya kindugu, hata hela ya gesi haitoki. Sifa anazipata tele, riziki haioni. Anayetaka kuishi kwa anachokipenda aanze kuamini kwamba saa zake nazo ni gharama.

Wapo watakaosema hesabu huua mapenzi ya kazi. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga anawajibu. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, vitu vya bei nafuu, akawauzia wapita njia Oysterbay na kuwafundisha vijana wa ukoo wake. Soko halikuifuta furaha iliyomo katika wanyama na ndege wake. Alifariki mwaka 1972, wanafunzi wakaendelea, na mwaka 1990 wakawa na ushirika wao.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wa Uingereza akianguka, ana pa kushikia. Wa nyumbani akianguka, watoto wanalala njaa. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana simshauri mtu aache kibarua chake leo. Lakini asiye na pa kuangukia ndiye anayelihitaji daftari zaidi, maana ndilo litakalomwambia lini kazi ya mikono yake inaweza kumlisha. Na ukitaka kumpa ndugu zawadi, mpe ukijua thamani yake. Nunua daftari wiki hii, na mstari wa kwanza uandike saa zako.